Kompyuta Iliyopona kwa Kumwona Fundi

Kinachopumua hakifunikwi. Mmemsikia jirani akimwambia hivyo mwanawe, yule anayeshinda na simu ya mchumba wake mfukoni mwake, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi maneno hayo yametoka wapi. Mmefika penyewe. Kaeni, lakini msinikatize. Methali hii ilianza hivi, nyumbani kwa mdogo wangu Akida, hapa hapa Ngamiani, na mimi dada yake nilikuwapo.

Akida alikuwa na duka la vitambaa vya mapazia. Alikuwa mtu mkarimu, hakosi msiba wala harusi, lakini alikuwa na wivu wa kumtafuna mwenyewe. Nasema wivu, sisemi mapenzi. Wapo wanaopenda kuupaka wivu poda wakauita mapenzi, na mimi sina subira nao. Alipomwoa Mwantumu, binti wa Pangani, dirisha la sebuleni lilifungwa kwa sababu ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi, na kwa kinyozi hukaa wanaume. Akirudi kutoka dukani alitazama kwanza meza ina glasi ngapi, ndipo akaitikia salamu ya mkewe.

Mwantumu alikuwa na mikono myepesi ya kuchapa. Walimu walimletea mitihani ya wanafunzi, na wenye harusi walimletea maneno ya kadi. Kazi yote aliifanya kwenye kompyuta ya mezani iliyokaa sebuleni, chini ya lile dirisha lililofungwa. Akida ndiye aliyeinunua na ndiye aliyeivika. Alikata mahameli nzito nyekundu dukani kwake, akalifunika boksi la kompyuta mpaka chini, vumbi lisiliingie na macho ya watu yasiliguse. Majumbani mwetu kitu cha thamani hakikai wazi. Redio ina kitambaa chake na friji ina chake, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ilikuja kompyuta ilipoanza kuzimika. Mwantumu akichapa kwa muda, kioo kinakuwa cheusi na kazi inapotea. Akiiwasha papo hapo, inakataa. Akiiacha akaenda kupika, akirudi inawaka kama haikufanya kosa lolote. Akaitwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, jina lake Hoza.

Hoza alianza kwa kuushuku umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, akaleta stabilaiza, kifaa cha kuutuliza. Haikusaidia. Akaja tena, akachomoa kadi za kumbukumbu, akazisugua kwa kifutio cha penseli kama wafanyavyo mafundi, akazirudisha mahali pake. Haikusaidia. Akabadilisha kile kifaa cha ndani kinachogawa umeme, nacho hakikusaidia. Na kila alipokuwa pale, kompyuta ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Akishaondoka, haipiti muda inazimika. Aliibeba hadi kibandani kwake, ikafanya kazi kutwa nzima. Alipoirudisha, ikarudia yale yale.

Hapo wivu wa mdogo wangu ukapata chakula.

Alikuja kwangu uso umemvimba. "Dada," aliniambia, "umewahi kuona kompyuta inayopona kwa kumwona mwanamume?"

"Sijaona. Na wewe hujaona."

"Nimeona. Iko kwangu. Mimi mumewe nimelifunga dirisha, lakini fundi akija linafunguliwa. Mahameli yangu inakunjwa, inawekwa kando, sebule inapambwa. Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mgeni, na anataka mwanga. Ulitaka akae gizani na mkeo? Hilo ndilo lingekufurahisha?"

Hakucheka. Alisema Mwantumu anaizima mashine mwenyewe ili apate sababu ya kumwita Hoza. Alisema Ijumaa atamwita fundi kwa mara ya mwisho, na mimi niwe shahidi. Uongo wa mkewe ukidhihirika, atamrudisha Pangani kwa baba yake siku hiyo hiyo, na talaka yake mkononi. Nilimtazama usoni nikajua hatanii.

Mwantumu naye alikuwa amekwisha kuambiwa. Ijumaa ile nilimkuta uani anakuna nazi, machozi yanamdondoka hata hayafuti. "Wifi," aliniambia, "mashine hii inanivunjia nyumba, na mimi sijui ina nini." Nilikaa naye tukamaliza ile nazi pamoja.

Baada ya sala Hoza alifika, akabisha hodi kwa woga. Mwantumu akainuka, kama ilivyo desturi yetu mgeni anapoingia, akaenda kufungua dirisha na kuondoa kitambaa. Akida akamzuia.

"Leo hapana," alisema. "Leo hapambiwi mtu. Dirisha libaki limefungwa, kitambaa kibaki kilipo. Kaa pale kwa dada, mikono yako niione. Fundi, wewe washa ufanye kazi yako. Tuone leo utaiponya kwa nini."

Alidhani anamnyima Hoza karamu yake. Hoza akawasha, akaanza kufungua programu hii na ile, na boksi limo ndani ya mahameli. Sisi wawili tulikaa kwenye mkeka kona ya pili ya chumba. Jasho lilitutoka kwa lile joto la Tanga lililofungiwa ndani. Akida hakuitazama kompyuta hata kidogo. Alikuwa anamtazama mkewe, kisha fundi, kisha mkewe.

Kioo kikawa cheusi.

Akida alitazama mikono ya Mwantumu, imo pajani mwake. Akatazama ya Hoza, iko hewani. Fundi akaingiza kiganja chini ya kitambaa, akakitoa haraka.

"Bwana Akida, hebu weka mkono wako hapa."

Akida akauweka, akauondoa upesi. Harufu ya vumbi lililoungua ikatufikia mpaka mkekani.

"Imeungua?" aliuliza.

"Haijaungua. Imejizima yenyewe isije ikaungua. Kitambaa hiki anakiweka nani?"

Ulimi uliniwasha, nikauuma.

"Mimi," alisema Akida.

"Kila nikija nakikuta kimekunjwa kando, na dirisha liko wazi," Hoza alisema. "Sikuwahi kuiona jinsi inavyoishi nisipokuwapo. Nimebadilisha vifaa vizima bure. Mashine hii ina feni ndani, inavuta hewa huku, inaitoa huku. Inapumua, bwana. Kinachopumua hakifunikwi."

Akaiondoa mahameli, akafungua dirisha, akaiacha mashine ipoe. Alipoiwasha tena haikuzimika mpaka adhana ya alasiri, naye akafunga begi lake akaaga. Akida akashusha pumzi. Alitabasamu, mnajua lile tabasamu la mwanamume anayedhani mambo yamekwisha, akamwambia mkewe, "Basi, umeonekana mkweli."

Mwantumu alisimama. Hakupandisha sauti.

"Nimeonekana mkweli mbele ya fundi na mbele ya wifi," alisema. "Lakini mimi sikuolewa ili nitafutiwe mashahidi. Ulisema leo ninarudi Pangani. Nitarudi, ila hunirudishi wewe. Ninakwenda mwenyewe."

Akafunga nguo zake. Akida alinigeukia ili nimshike mkewe, nikamwambia mikono yangu imechoka kwa kukuna nazi. Nilimsindikiza wifi yangu mpaka stendi. Roho iliniuma kwa ajili ya mdogo wangu, lakini sikumwambia binti wa watu abaki.

Ile nyumba ilipoa. Akida alikula kwangu, akakonda huku anakula. Mara ya kwanza alimfuata Pangani na zawadi na maneno ya kwamba alifanya yote kwa kumpenda. Baba yake Mwantumu alimpa chai, akampa na njia. Mara ya pili akaniomba nifuatane naye, na safari hiyo hakubeba kitu.

Mwantumu alitoka akasimama mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Umekuja kunichukua?" aliuliza.

"Hapana," alisema Akida. "Nimekuja kukuuliza kama utarudi. Ukisema hutarudi, nitakwenda zangu."

"Na nikirudi, walimu wakaleta mitihani, na wengine ni wanaume?"

Wivu haukumtoka mdogo wangu siku ile, na msidanganywe na mtu, haujamtoka mpaka leo. Ulimpanda pale pale mlangoni kwa mkwewe, mimi nikauona. Fundi aliyasema yale maneno kwa ajili ya mashine. Aliyeyafanya methali ni Akida, alipoinamisha kichwa mbele ya mkewe, akayasema kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe:

"Kinachopumua hakifunikwi."