Kiboko Anunua Neno la Siwezi

Nina ngano!
—Ilete!
Ina miiba!
—Tutaishika hivyo hivyo!
Ina mdomo mkubwa!
—Uache upanuke!

Haya. Tusipoteze wakati, maana wenyewe walikuwa wameshaanza kugombana.

"Magunia matatu!" alisema Kalunguyeye. "Magunia matatu ya viazi vitamu, Bwana Kiboko. Ndivyo tulivyopatana."

"Silipi," alisema Kiboko.

"Nimekufundisha Kiingereza tangu masika."

"Silipi."

"Ulisema ukishajua utalipa."

"Nilisema. Lakini sijakitumia bado. Nitajuaje kama si kibovu? Silipi."

Kalunguyeye, kama humjui, ni yule mnyama mdogo wa miiba, akiogopa anajikunja anakuwa mpira. Siku hiyo hakujikunja. Shimoni alikuwa na mke na watoto, kiangazi kinabisha hodi, na ndani hamna hata ganda la kiazi. Magunia yale matatu ndiyo yangewavusha mpaka mvua irudi. Na Kiboko viazi anavyo! Anavyo mpaka vingine vimeota mizizi ghalani, na bado akikuona umebeba kimoja atakufuata akuulize umekitoa wapi.

Sasa utaniuliza, Kiboko na Kiingereza wapi na wapi? Tulia, nakwambia.

Kila mwaka korongo weupe huja bwawani kutoka Ulaya, wanakimbia baridi. Hawajui lugha yoyote ya bondeni, wanajua Kiingereza chao tu. Wakifika huchagua mwenyeji wao wa msimu, yule anayeweza kuongea nao. Na mwenyeji hupewa majani yote ya ukingo wa chini, ayale peke yake, mwingine asitie mguu. Kiboko aliposikia "peke yake," mate yalimtoka do, do, do.

Akamfuata Kalunguyeye, kwa sababu Kalunguyeye alikuwa amejifunza mwenyewe, miaka na miaka, akilala chini ya mti wenye viota vyao na kusikiliza wanavyogombana. Hakuna aliyemfundisha. Hakuwa na cheti. Alikuwa na masikio.

Siku ya kwanza ya tuisheni alisema, "Bwana Kiboko, tuanze na maneno ya kuweza. Ai ken: naweza, nina uwezo huo. Ai kent: siwezi. Ai kudi: zamani niliweza. Ai mait: huenda, sina hakika, tusubiri tuone."

Kiboko akanuna. "Siwezi? Mimi, na tumbo hili? Futa."

"Lakini bwana..."

"Futa! Na hilo la zamani niliweza, kwani sasa nimezeeka? Futa. Na huenda! Huenda ni neno la panya. Panya ndio huenda wakala, huenda wakaliwa. Futa. Nipe naweza."

"Neno moja tu?"

"Moja, lakini nono."

Mwalimu akafanya nini? Akafundisha alichoambiwa. Asubuhi: "Ken yuu?" "Ai ken!" Mchana: "Ken yuu?" "Ai ken!" Jioni: "Ken yuu?" "AI KEEEN!" Mpaka vyura wakahamia bwawa la pili. Hiyo ndiyo elimu aliyoipata, na hiyo ndiyo aliyokuwa anakataa kuilipia.

Basi wakati wanagombana hivyo, silipi, lipa, silipi, lipa, mbingu ikawa nyeupe. Korongo hao! Fwa, fwa, fwa, wakatua ukingo mzima. Wakapiga midomo yao, kwata-kwata-kwata, ndiyo salamu yao. Wanyama wote wa bonde wakaja kutazama. Kiboko akamsukuma mwalimu wake kando kwa pua, akajitosa mbele.

Hapa simama kidogo, nikueleze desturi ya bonde lile. Mtu akisema naweza mbele ya watu, anaonyesha hapo hapo. Hakuna kesho, hakuna leo mgongo unaniuma. Akikataa kuonyesha, anahama bwawa na ukoo wake. Mimi desturi hiyo naipenda. Ingekuwa huku kwetu, vijiwe vingi vingekuwa kimya.

Mama Korongo, mkubwa wao, akanyoosha shingo akauliza jambo kwa Kiingereza, refu, lililoanza na "Ken yuu".

Kalunguyeye akanong'ona, "Anauliza kama..."

"Nyamaza!" Kiboko akasema. "Nimesoma mimi. AI KEN!"

Wanyama wakamgeukia Kalunguyeye. "Mwalimu, kasemaje?"

"Kaulizwa kama anaweza kusimama kwa mguu mmoja kama wenyewe, kwa heshima ya wageni. Kasema anaweza."

"Aonyeshe!" wakasema wote.

Kiboko akainua mguu wa kwanza. Akainua wa pili. Alipoinua wa tatu, chubwiii! Tope likaruka mpaka kwa twiga usoni. Akainuka, akaanguka, akainuka, akaegemea kichuguu, akasimama kwa mguu mmoja muda wa kupiga chafya, kichuguu kikamomonyoka. Korongo wakapiga midomo, kwata-kwata-kwata. Wamefurahi.

"Umeona?" Kiboko akasema, anatema tope. "Wananipenda."

Mama Korongo akauliza tena. Ken yuu hivi na hivi?

"Bwana, safari hii nisikilize..."

"AI KEN!"

"Kasemaje?"

"Kasema anaweza kupanda ule mgunga, akatazame kama viota vya mwaka jana bado vizima."

"Aonyeshe!"

Kiboko akautazama mgunga. Mgunga ukamtazama Kiboko, na miiba yake yote. Akaukumbatia. Kra! Tawi la kwanza. Kra! La pili. Akabaki ameukumbatia mti usio na matawi, miiba imemjaa tumboni, anashuka polepole, srrrrr, kama uji kwenye ukingo wa chungu. Sauti aliyoitoa siwezi kuiiga, kuna watoto.

Korongo wakapiga midomo tena. Wakasogea karibu zaidi. Wakamzunguka. Wengine wakampanda mgongoni. Halafu kila mmoja akaokota kijiti.

Kiboko akaanza kuona baridi. "Mwalimu," akaita, sauti imepungua, "hivyo vijiti vya nini?"

"Subiri swali."

Mama Korongo akauliza, taratibu, kwa adabu kubwa. Ken yuu...?

Kiboko mdomo ulishafunguka, "Ai k..." akaubana kwa nguvu zote. "Mwalimu! Wanauliza nini?"

"Sasa unataka kuambiwa?"

"Niambie, ndugu yangu!"

"Viota umevivunja na mti wake. Wanauliza kama unaweza kukaa mdomo wazi msimu mzima, wajenge humo. Wanasema hawajaona pango zuri kama hilo."

"Msimu mzima? Nitakula saa ngapi?"

"Hilo hawakuuliza."

Kiboko akatikisa kichwa kwa nguvu, kukataa. Korongo nao wakatikisa vichwa. Kwao hiyo nayo ni salamu. Akanyamaza. Wakasogea: kwao anayenyamaza amekubali. Mama Korongo akaanza kupima upana wa mdomo kwa kijiti chake.

"Mwalimu! Siwezi wanasemaje? Lile neno la siwezi!"

"Hilo ulilifuta."

"Lirudishe!"

"Magunia matatu."

"Tutazungumza baadaye, kaka, tutakaa chini kama watu wazima..."

"Tumekaa chini tangu masika."

Kiboko akageuza jicho moja kuelekea ghalani. "Mama Tope!" akamwita mkewe. "Toa viazi vya mwalimu!"

"Nilikwambia umlipe!" Mama Tope akajibu. "Nilikwambia tangu juzi! Unajifanya msomi na deni la mwalimu shingoni!" Akatoka na gunia la kwanza, puu! Akarudi, akatoka na la pili, puu! Akawa anageuka kufuata la tatu.

Na hapo, jamani, hapo ndipo nilipomkasirikia. Mtu kijiti kipo kwenye jino, korongo mmoja ameshaweka manyoya ya kulalia, lakini tumbo likamnong'oneza Kiboko. Akasema, "Basi, mke wangu, mawili yanatosha. Neno lenyewe dogo."

Kalunguyeye hakubisha. Akapanda juu ya magunia yake mawili, akakaa. "Sawa. Kwa mawili nakupa mwanzo wake. Sema: Ai."

"Ai," akasema Kiboko.

Korongo wote wakainamisha vichwa kusikiliza.

"Ai," akasema tena. "Ai... Halafu? Mwalimu, halafu?"

"Halafu ni gunia la tatu."

"Ai! Ai! Ai..." Na kila akisema, mdomo unafunguka, na kila ukifunguka, kijiti kinaingia, kwata, na manyoya juu yake.

Funzo la ngano hii ni hili, na mlishike vizuri: ukijifunza lugha ya watu, jifunze neno moja tu, tena lile la kujisifu. Hayo ya siwezi na huenda waachie wadogo. Na mwalimu usimlipe mapema, atazoea vibaya; mlipe ukishakwama.

Ngano yangu nimeifunga kamba.
—Tumeipokea!
Anayeitaka aifungue kwake.
—Tutaifungua!

Mnaenda wapi? Kaeni. Kiboko bado yuko pale mdomo wazi, Mama Tope ameshika kiuno mlangoni pa ghala, na Kalunguyeye hajashuka kwenye magunia yake. Anasema jambo moja tu, wala hapandishi sauti:

"La tatu. Lete."