Figa la Bi Mwanajaka

Mpo, wenzangu? Sogeeni, ngano imefika mlangoni.

Paliondokea mji katikati ya mchanga mtupu, umezungukwa na ukuta wa mawe uliojengwa na wahenga. Kila aliyehitaji jiwe alichomoa moja, akisema, "Moja tu haliangushi ukuta." Pengo likapanuka, zimwi likaanza kuchungulia.

Jioni ya kwanza likala mbuzi. Ya pili likala ng'ombe. Ya tatu likanguruma, "Kesho nala watu!"

Watu wakahaha kurudisha mawe. Likabaki tundu moja, la kupitisha mkono wa zimwi. Jiwe la tundu hilo lilikuwa figa jikoni kwa Bi Mwanajaka, mjane aliyelea wajukuu.

"Lete figa, bibi!" watu wakamwambia.

"Nikilitoa, chungu nikiteleke kichwani kwako?"

Nani amlaumu, hali kila mmoja alichomoa lake? Ndipo jirani yake Saumu akasema, "Teleka kwangu, bibi. Kesho kwa mwingine, zamu kwa zamu."

Bi Mwanajaka akaling'oa figa kwa matambara likiwa bado la moto, akalisukuma tunduni. Zimwi, lililokuwa likipapasa tundu kwa nje, likaungua vidole, likalia.

Hadi leo mji ule una zamu mbili, ya jiko na ya kulinda ukuta. Zimwi nalo halijachoka kuzunguka.