Kigelegele na Sahani ya Mwisho

Hapo zamani. Nimesema zamani, basi asiniulize mtu ni mwaka gani, maana nikianza kuutafuta mwaka hadithi itapoa. Palikuwa na mwanamke wa Handeni, jina lake Mwanamvua, askari wa wanyamapori, na kazi yake ilikuwa kufukuza nyani mashambani mwa watu kwa mlio wa bunduki.

Mwanamvua alijua shabaha. Akiwa porini na wenzake wawili watatu, mrushie kopo juu, atalitoboa. Mrushie gunzi la mhindi, atalipukutisha. Wakubwa wakasikia, wakamchukua, wakamtia kwenye mchezo wa kulenga visahani.

Mchezo wenyewe ni huu, nisije nikawaacha njiani. Kuna vibanda viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, na kila kibanda kina mashine. Mlengaji anasimama, bunduki kiunoni, anaita. Karibu na miguu yake pana kinasa sauti. Kikisikia sauti, mashine inarusha kisahani cha udongo, kinapita hewani mbio, naye anainua bunduki akivunje. Kikivunjika ni sifa yake, kikianguka kizima ni aibu yake. Kila mlengaji ana neno lake la kuita, na neno la Mwanamvua lilikuwa "Leta!"

Basi akapelekwa mashindano ya mataifa. Akavunja, akavunja, akavunja, ikabaki sahani ya mwisho. Akasimama. Akaanza kuwaza. Akawaza bendera, akawaza watu wa nyumbani, akawaza mpaka mkono ukaingia baridi. "Leta!" Sahani ikaja. Pu! Akapiga hewa.

Akapelekwa mara ya pili. Akavunja, akavunja, akavunja, ikabaki ya mwisho. Akawaza. "Leta!" Pu! Hewa.

Na mara ya tatu je? Haya, mnajua wenyewe, msinisumbue.

Sasa watu wa Handeni hawana dogo. Wakampa jina, Mama Hewa. Akienda sokoni kununua nyanya: "Karibu Mama Hewa, nikufungie na hewa kidogo?" Akitaka bodaboda: "Mama Hewa, afadhali umekuja, tairi langu limelala." Watu walicheka, naye alicheka nao, kisha akifika nyumbani analia. Siwafichi, jina lile lilimuumiza, hasa siku mwanawe aliporudi kutoka shuleni akasema ameulizwa kama na yeye kazaliwa kwa pampu. Akaapa: "Naenda mara moja tena tu. Nikirudi na jina hili, bunduki naikabidhi ofisini, sishiki tena."

Mashindano ya mara ile yalikuwa nchi ya mbali. Waogeleaji wamo, wanyanyua vyuma wamo, wapiga makasia wamo. Kila mchezaji aliruhusiwa mtu mmoja wa kumsindikiza. Wenzake walikuja na madaktari wa misuli. Mwanamvua alikuja na shangazi yake, Mwanjaa, kwa sababu katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumwambia Shangazi Mwanjaa "hapana" akabaki na amani.

Na huyo Shangazi alikuwa bingwa wa vigelegele. Harusi asiyoipigia kigelegele, watu huiona kama haijafungwa. Kigelegele chake kimoja kiliwahi kumzindua bwana harusi aliyezirai, akazirai tena.

Wakafika. Sanduku la nguo likafika. Bunduki haikufika. Ndege ilikuwa imeipeleka mji mwingine kabisa, pamoja na mipira ya timu ya wavu. Mwanamvua akakaa juu ya sanduku.

Akapita Namukasa, mlengaji wa nchi jirani, ng'ambo ya ziwa, ambaye siku zote yeye na Mwanamvua walikuwa wakigombea nafasi moja.

"Dada, kuna msiba?"

"Bunduki yangu imepotea."

"Ah! Basi tutatumia yangu. Mimi nikipiga, nakupa, unapiga wewe."

"Namukasa, mimi ni mpinzani wako."

"Najua. Sasa nikikushinda huna bunduki, nikamsimulie nani?"

Ikawa bunduki moja, mabega mawili. Namukasa anaita, "Haya!" Sahani ikaja. Pu! Vumbi. Anaifuta bunduki kwa leso, anampa mwenzake. Mwanamvua anaita, "Leta!" Sahani ikaja. Pu! Vumbi. Anairudisha. "Haya!" Vumbi. "Leta!" Vumbi. Wengine wote wakaanguka mmoja mmoja, wakabaki wale wawili, sawa kwa sawa.

Mwamuzi, bwana mmoja mrefu mwenye kofia nyeupe, akatangaza: "Sasa ni sahani moja moja. Mmoja akikosa na mwenzake akapata, mchezo umekwisha."

Namukasa akasimama. "Haya!" Sahani ikatoka, upepo ukainyanyua. Pu! Ikaanguka nzima.

Namukasa akauma mdomo. Akaifuta bunduki, akampa mwenzake. Mmesikia? Amekosa, na bado akaifuta.

Mwanamvua akasimama, bunduki kiunoni. Akipata hii, dhahabu. Akaanza kuwaza. Loo! Akawaza nyanya, akawaza bodaboda, akawaza mwanawe. Mkono ukaingia baridi. Akafungua mdomo, sauti haikutoka.

Na Shangazi Mwanjaa je? Shangazi alikuwa kiti cha mbele kabisa, katikati ya madaktari wa misuli. Sheria za mchezo hakuzisikiliza tangu walipoanza kumweleza. Yeye aliona kitu kimoja tu, kwamba Namukasa amekosa. Akajua Mwanamvua keshashinda. Akainuka, akakaza kanga, akaachia: "Yiyiyiyiyiyiyiii!"

Kinasa sauti kikasikia. Mashine ikatii. Sahani hiyo!

Mwanamvua hakupata nafasi ya kuwaza. Bunduki ilipanda begani kabla yeye hajajua. Pu! Sahani ikawa vumbi.

Mwamuzi akakohoa. Akavua kofia, akaivaa tena. "Sheria inasema hivi. Sahani ikitoka kabla mlengaji hajaita, ana haki ya kuiacha, arushiwe nyingine. Lakini akiifyatulia, ameikubali. Akiipata ni yake, akiikosa ni yake. Huyu amefyatua." Kisha akamgeukia Namukasa. "Lakini mtazamaji ameingilia mchezo. Wewe una haki ya kulalamika, na ukilalamika sahani inarudiwa."

Namukasa akamtazama Mwanamvua. Akasema, "Silalamiki."

Basi jukwaa likapangwa, Shangazi naye akajisogeza mbele pamoja nao. Akaja mgeni rasmi, mama mtu mzima aliyerusha mkuki enzi zake na asiyejua lolote la bunduki. Akaishika medali ya dhahabu, akauliza kwa adabu tu, kama wageni rasmi wanavyouliza: "Ni nani kati yenu aliyeivunja sahani ya mwisho?"

"Mimi!" Zikajibu sauti tatu.

Bendi ilikuwa imeshavuta pumzi. Mpiga tarumbeta akabaki na mashavu yamejaa, hajui apulize au ameze.

Shangazi Mwanjaa akatangulia, hakungoja zamu. "Mama, sahani ile niliiita mimi. Huyu namjua tangu anatambaa. Akiita sahani ya mwisho yeye, hukosa. Safari ya kwanza kaita yeye, kapiga hewa. Ya pili kaita yeye, kapiga hewa. Ya tatu sitaki hata kuisema mbele za wageni. Leo nimeita mimi, kapata. Sasa hapo kuna la kubishania?"

"Shangazi, lakini hukujua kama unaita," Mwanamvua akasema.

"Na mvua inajua kama inaotesha mahindi? Mbona tunaishukuru?"

Namukasa akasogea mbele. "Mama, bunduki ni yangu. Ningeikumbatia tu, huyu angesimama pale ananyoosha kidole. Na nilipoulizwa kama nalalamika, nikafunga mdomo, na kufunga mdomo kule kuliniuma, nawaambieni ukweli. Mara mbili medali hii ilikuwa mikononi mwangu, mara mbili nikaitoa."

"Uliniazima kwa hiari yako, dada."

"Nilikuazima bunduki. Medali sikukuazima."

Watu wakaguna. Mwanamvua akafuta machozi kwa mkono ule ule wa kufyatulia.

"Mama, wanayosema ni kweli, na wote wawili nawashukuru. Ila waulize kitu kimoja. Ningekosa je? Shangazi angeitwa Mama Hewa? Bunduki ya Namukasa ingezomewa sokoni? Sahani tatu nimekosa miaka yote hiyo, sikumsikia hata mtu mmoja akisema 'mimi'. Na ile ya leo nilikuwa na haki ya kuiacha ipite. Sikuiacha. Nimechoka kuitwa hewa, mama. Nimechoka."

Shangazi akatazama chini, na hilo watu wa Handeni hawajaliona kabla ya hapo wala baada ya hapo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ungekosa, mwanangu, ningesema mashine mbovu." Namukasa akacheka, na katikati ya kucheka naye akaanza kulia.

Mgeni rasmi akamtazama mwamuzi. Mwamuzi akatazama viatu vyake. Shingo tatu zimeinama mbele ya jukwaa, na utepe ni mmoja.

Msinitazame mimi, mimi kazi yangu ilikuwa kuwafikisha hapa. Wewe unayecheka pale nyuma, inuka uushike huo utepe. Ukimvisha Shangazi, Mwanamvua anarudi sokoni na jina lile lile. Ukimvisha Mwanamvua, nani tena atamwazima mpinzani wake bunduki? Ukimvisha Namukasa, utakuwa umemtuza aliyekosa.

Aliyeita, aliyeazima, na aliyefyatua: je, ni yupi aliyestahili dhahabu? Na hao wawili utakaowanyima, utawaambia nini usoni?