Barua Aliyoitafuna Jamshidi

Palikuwa na bwana mmoja mkubwa huko Uajemi, Farrukh Khan, aliyeiacha nyumba yake Shirazi akaenda Isfahani kuutumikia ufalme. Sasa, waungwana wa zama zile walikuwa na miiko yao. Mwanamume kumtaja mkewe kwa jina mbele ya wanaume wenziwe ilikuwa fedheha, afadhali avuliwe kilemba sokoni. Hata barua hakumwandikia. Alimwandikia mwanawe wa kiume, na nyumbani wote walijua kuwa anayesemwa ni mama mtu. Jina la mama huyo nami silijui. Na hata ningelijua nisingethubutu kulitaja, maana mgongo wangu ni huu huu mmoja.

Shida ni kwamba mwana wa Khan, Jamshidi, alikuwa bado ananyonya.

Siku moja Khan akamwita Gulamu, tarishi aliyekuwa akipeleka barua za watu kwa nyumbu wake. Gulamu alikuwa fukara wa kutupwa, kengeza, tena asiyejua kufunga mdomo. Nyumbu yule ndiye aliyekuwa shamba lake na duka lake. Khan akamsomea karani maneno ya kuandika, kwa sauti mpaka wapita njia wakasikia:

"Mwanangu Jamshidi! Nasikia umemjibu mama yangu kwa ukali. Nasikia tena unafunga mizigo uje Isfahani bila ruhusa yangu. Koma! Fungua mizigo, kamwombe radhi mama yangu, kisha unijibu upesi."

Halafu akamgeukia Gulamu. "Nimepeleka barua chungu nzima, sijajibiwa hata moja. Hii umpe mwenyewe mkononi. Ukirudi bila jibu, nyumbu wako ni wangu."

"Lakini bwana, mimi kazi yangu kupeleka barua. Majibu sizai."

"Basi utayazaa njiani."

Gulamu akashika njia ya Shirazi huku akimlalamikia nyumbu. "Mwenzangu, mtu mwenye akili angekataa. Lakini mwenye akili hapa ni wewe, na wewe hukuulizwa."

Alipofika, yaya mmoja mzee akaipokea barua, akaingia nayo ndani kwa Bibi, mama yake Jamshidi. Haukupita muda akatoka nayo.

"Bibi kasema barua ya Jamshidi apewe Jamshidi. Jina lake yeye halimo."

"Mama yangu wee, nitanyang'anywa nyumbu!"

"Nimemwambia. Kasema pole sana, lakini naye kachoka kugombezwa kwa mgongo wa mtoto."

Gulamu akakaa chini, akashika tama. Machozi yalimlenga. Bila nyumbu angekula nini? Na mdomo wake ule, nani angemwajiri? Mara akainuka, akajikung'uta vumbi.

"Haya, mama. Niitie Bwana Jamshidi."

Yaya akacheka mpaka akaegemea ukuta, lakini mtoto akamleta. Gulamu akainama, akamwamkia kwa heshima zote za ikulu, akamtia barua mkononi. Jamshidi hakupoteza wakati. Akaitia mdomoni, akaitafuna, akaitema, kisha akaicheulia. Gulamu akayaokota mabaki, akayafunga kwenye kitambaa, akaaga.

Huko Isfahani akamkuta Khan barazani na wageni wake, wakubwa watupu.

"Karibu, tarishi!" Khan akasema kwa majivuno. "Sasa mtaona, mabwana, jinsi watu wa nyumbani kwangu wanavyonitii. Haya, lete jibu!"

Gulamu akafungua kitambaa. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikatangulia.

"Nini hiki?"

"Jibu, bwana."

"Hii ni barua yangu mwenyewe! Imetafunwa!"

"Kweli, bwana. Naona hakuipenda."

"Nani?"

"Jamshidi. Nimempa mkononi, kama ulivyoamuru."

"Mpumbavu we! Mtoto wa kunyonya anajua kusoma?"

"Upumbavu wangu sikatai, bwana, hata marehemu mama aliusema. Nilisikia unamkataza asifunge mizigo, nikajisemea: wana wetu sisi akina pangu pakavu huanza kwa kutambaa, kumbe wa wakubwa huanza kwa safari!"

Mgeni mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa na ugonjwa ndani yake. Khan akawa mwekundu.

"Nyumbu nimemchukua! Barua hukumpa mwenyewe!"

Moyo wa Gulamu ukapasuka paa! Mimi ningekuwa mahali pake ningekwisha zirai. Ndiyo maana hadithi nazisimulia tu, sizitendi. Lakini mdomo wa Gulamu haukuwa na habari na moyo.

"Mwenyewe ni nani, bwana?"

"Ni..." Khan akakwama. Wageni wakainua macho, maana kila mmoja wao alikuwa na Jamshidi wake wa kuandikiwa huko kwao.

"Mtaje jina tu, bwana. Nyumbu yuko mlangoni, nimpelekee sasa hivi."

"Unamjua vizuri sana!" Khan akafoka.

"Mimi, bwana? Haya, na iwe namjua. Hawa wageni wako wakiniuliza nimemjulia wapi, niwajibu nini?"