Mtikisiko Uliofika Mara Mbili

Haya, sogeeni. Mwenye machozi ya karibu akae mlangoni, maana hapa hakuna harusi.

Walikuwepo watu watatu katika kituo kimoja mlimani, kazi yao kusikiliza mawimbi ya mvutano, ile mitikisiko inayotufikia nyota zilizokufa zinapogongana huko mbali. Bihawa alijaliwa sikio: alijua kuutoa mlio wa kweli ndani ya makelele ya mitambo. Shaame alizijua galaksi kama wewe unavyowajua majirani zako. Riziki alijaliwa kukadiria.

Swali lao lilikuwa moja. Wimbi likipita karibu na galaksi nzito, njia yake hupinda, likagawanyika, likatufikia mara mbili, la pili likiwa limechelewa. Hutokea mara ngapi?

Riziki akapiga hesabu mpaka macho yakavimba. "Katika elfu, moja."

Mkurugenzi akacheka. "Nionyesheni hiyo moja. Mkishindwa, wote mtoke, na nyumba za kituo mniachie."

Bihawa akawaza nyumbani kwake. Mama yake amepooza, analala humo humo kituoni. Angempeleka wapi?

Shaame naye yuko hoi kwa saratani. Akaomba ramani yake ya anga, akaweka kidole kwenye galaksi moja. "Wimbi la masika lilipita hapa. Pacha wake lazima ameshafika. Mtafuteni." Haikupita wiki, wakamzika.

Hapo Bihawa akakumbuka! Wakati wa vuli ulikuja mlio uleule, naye akadhani mtambo umerudia rekodi ya zamani, akautupa. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake! Akachakura kwenye vilivyotupwa, akasikiliza hadi masikio yakauma, akaupata.

Mkurugenzi hakucheka tena, lakini roho yake ilikuwa ileile. "Nafasi ninayo moja, na nyumba moja. Bihawa, umeupata wewe, basi taja wewe jina la wa kubaki, yeye au watu wake."

"Bila makadirio yangu," Riziki akasema, "nani angejua kuna cha kutafuta?"

Mwanatumu, mjane wa Shaame, naye akiwa wa kutolewa nyumba ya kituo, alisimama na mtoto mgongoni. "Wimbi lenu limerudi, shoga yangu. Mume wangu harudi."

Bihawa akalia bila kujificha. Kutoka ndani mama yake alikuwa akimwita, anataka maji.

Msinitazame mimi, mimi nimeshindwa. Mmoja alisema lipo, mmoja alionyesha lilipo, mmoja alilitupa kisha akaliokota. Mkurugenzi anasubiri jina. Je, wewe ungetaja la nani?