Kinywa cha Mgeni wa Bwawani

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa nini?"

"Pakawa maji."

"Na ndani ya maji?"

"Pakawa samaki, mama. Endelea."

Haya, sogeeni karibu na moto, maharage bado hayajaiva.

Zamani, kabla nyanya wa bibi yenu hajatoboa masikio, palikuwa na mjane jina lake Sayi. Alikuwa na binti mmoja tu, Wande. Mwaka ule mtama ulikauka shambani, na Wande akaanza kuvimba miguu kwa njaa. Sayi akachukua jembe, akachimba bwawa nyuma ya nyumba. Akachimba, akachimba, mpaka maji yakatoka. Kisha akashuka ziwani, akamleta samaki Perege na mumewe, akawatia humo.

"Zaeni," akawaambia, "nipate cha kumpikia mwanangu."

Perege akazaa. Mnajua perege huwaficha wapi watoto wake?

"Kinywani," akasema Limi.

Kinywani. Wakiona hatari wanaingia wote, naye anafumba. Na wakiwa humo, yeye hali kitu.

Perege akazaa, watoto wakazaa, wajukuu wakazaa. Bwawa likajaa. Chakula hakikutosha, samaki wakadumaa, wakabaki wadogo kama ukucha. Sayi akipika, sufuria inajaa miba. Wande akachokonoa kwa kidole, akauliza, "Mama, nyama iko wapi?"

Perege akaja ukingoni. "Mama Wande, tumekuwa wengi mno. Tafuta mgeni wa kula watoto wangu."

"Wewe mwenyewe ndiye unayesema hivyo?"

"Ni mimi. Wasipopungua watakufa wote, na Wande wako naye. Lakini mtazame mgeni kinywani. Awe na kinywa cha kumeza watoto, asiwe na kinywa cha kunimeza mimi. Siku kichwa changu kitakapoenea kinywani mwake, mtoe, umpike."

"Nimekubali," akasema Sayi.

"Mama, Perege hakulia?" Mabula akauliza.

Alirudi chini kwenye tope. Siku mbili hakuonekana.

Sayi akachukua mtungi, akashuka tena ziwani. Akamkuta Kamongo, samaki mrefu kama nyoka. "Nichukue mimi," Kamongo akasema, "nitalimaliza bwawa lako kabla jua halijazama." Sayi akaona meno yake, akapita. Akamkuta Kambale mzee. "Nichukue mimi, mwanangu, nimezoea kula polepole." Sayi akaona kinywa kama mdomo wa mtungi, akapita. Akamkuta Kambale mdogo, urefu wa kidole.

"Shikamoo, mama," Kambale mdogo akasema. "Mimi ni yatima. Nitakula utakachonipa."

Sayi akamtazama kinywani. Kilikuwa kidogo, hata punje ya mahindi isingepita. Akampeleka nyumbani.

Basi ikawa heri. Kambale akala vifaranga vya samaki, waliobaki wakapata chakula, wakanenepa. Sayi akapika samaki wenye nyama, Wande akala, miguu ikanywea. Siku moja hata aliruka kamba. Limi, mbona unatabasamu? Subiri kwanza.

Kambale naye alikuwa anakula. Anayekula hufanya nini?

"Hukua," wakasema wote.

Perege akaja ukingoni. "Mama Wande, mtazame mgeni kinywani."

Lakini kwao Sayi, mgeni akila hatazamwi kinywani. Ukimtazama, ni kama unamhesabia matonge. Sayi alipokuwa mdogo mama yake alimchapa kwa kosa hilo, na hakusahau. Kwa hiyo akasimama pembeni, akatazama mgongo wa Kambale tu.

"Shikamoo, mama," Kambale akasema. "Perege amekuja kunisema? Sijakua mimi, ni ndevu tu zimeota."

Sayi akacheka, akaona aibu, akarudi jikoni.

Perege akaja mara ya pili. "Mama Wande, mume wangu haonekani. Binti zangu wakubwa hawaonekani. Mtazame mgeni kinywani."

Sayi akaenda, akatazama mgongo.

"Ni maji yamepungua, mama," Kambale akasema. "Ndiyo maana naonekana mrefu. Au umeshachoka kunilisha? Niambie tu, niondoke, nimezoea kufukuzwa."

"Sikufukuzi, mwanangu," Sayi akasema. "Kaa."

Perege akaja mara ya tatu. Safari hii hakusema neno.

"Kwa nini, mama?"

Kinywa chake kilikuwa kimejaa watoto. Angesema, wangetoka. Akamtazama Sayi tu, amekonda, mashavu yamevimba. Kambale naye hakusema neno, kwa kuwa alikuwa anatafuna. Sayi akaona hao wawili wamefumba vinywa, akageuza uso. Akasema moyoni, nitamtoa kesho.

Kesho yake akatupa wavu, ukarudi mtupu. Akautupa tena, ukarudi na majani. Akautupa mara ya tatu, ukawa mzito. Alikuwa Kambale, mrefu kama mkono wa mtu mzima.

"Mama," Kambale akasema, "hivi kweli utamchinja mgeni wako?"

Sayi akamshika kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu amlete akamtazama kinywani, na kiganja chake kizima kikaingia. Akachukua kisu. Ndani ya tumbo akamkuta Perege, mzima, kinywa bado amekifumba. Akakifungua kwa kidole. Watoto walikuwa humo wote, kama punje za mtama. Akawatia kwenye bakuli la maji, akakaa anatazama mpaka jua likazama.

"Mmoja alisogea?" Mabula akauliza.

Hapana, baba. Hakusogea hata mmoja.

Walimla Kambale siku tatu. Siku ya nne walikunywa maji.

Nanyi wanangu, mgeni mpeni chakula, mpeni na mkeka. Lakini palipo na watoto, mtazameni kinywani, hata mkiona aibu. Sayi aliogopa aibu ya siku moja.

"Na Wande je?" Limi akauliza.

Wande alianza tena kuvimba miguu. Kila asubuhi alikwenda bwawani na bakuli lake, akakaa ukingoni, akaita, "Perege, zaa." Mimi nilimwacha pale, na hadithi yangu nimeiacha pale pale alipo.