Njia ya Uani

Akina mama, nisikilizeni, nitasema haraka kabla woga haujanikalisha chini. Kulikuwa na mama mmoja mwandishi wa habari, hakuajiriwa na gazeti lolote, alikuwa na kigazeti chake cha kurasa mbili, anakitoa fotokopi mwenyewe. Akaandika kwamba mwenye mashine ya kusaga anachanganya mahindi yenye kuvu, unga ule ule wa uji wa watoto. Na si majirani wenyewe ndio waliomwambia?

Basi tangu siku hiyo, kwa kumwogopa mwenye mashine, hakuna aliyebisha hodi mlangoni kwake. Akifika bombani, maongezi yanakatika. Anapika sufuria kubwa kwa mazoea, anakula peke yake. Nyasi zikaota mpaka kizingitini. Lakini uani, jamani, uani walikuja, mmoja mmoja, wamejitanda kanga hadi puani.

'Dada, unga wa wiki hii nimkorogee mtoto?'

'Usimkorogee. Karibu ukae kidogo, chai ipo.'

'Siku nyingine, dada. Na usiseme nilikuja.'

Kila mmoja alidhani ni yeye tu. Kumbe miguu yao ilikuwa imechora njia nyeupe kwenye nyasi, inatoka uani kwake, inagawanyika, tawi kwa kila nyumba.

Asubuhi moja akasikia mwenye mashine anakuja na watu wake kumsaka aliyetoa siri. Akaitazama ile njia. Si ingemwokoa? Si angenyoosha kidole tu? Akachukua jembe, akailima yote, akapanda matembele juu yake. Majirani wakamcheka, eti habari zimemshinda, sasa analima. Wale watu walipofika wakamuuliza nani alimwambia.

'Aliyeandika ni mimi,' akasema.

Wakaondoka naye, na majirani wakachungulia madirishani.

Jioni ile jirani mmoja akajitanda kanga yake, akatoka kwa mazoea, akakuta matuta. Akainua macho. Wenzake wote wamesimama, kila mmoja pale njia yake ilipokatikia, wanatazamana.

Wapendwa, sisi ukweli tunaupenda, ila tunaupenda kwa mlango wa uani. Najua tuna watoto, wangu huyu hapa mgongoni, nami naogopa. Lakini kama tungekuja sote kwa mlango wa mbele, wangemchukua nani?

Matembele yale yamechipua, akina mama. Tutayachuma tu, tupike, tule?